Kurasa Nne za Mzee Simiyu

Nanjala mwanangu,

Wewe na baba yako mmeenda kumuaga nyanya yako, nami nimebaki hapa mezani nikisingizia kwamba ninapanga karatasi za kazi. Ni saa kumi na moja jioni, na jirani bado anapukuchua mahindi kwa mashine, kwa hiyo ukiona mahali mwandiko wangu umeruka ujue ni kelele zake.

Mambo ya jua la Lodwar, maji ya kunywa, neti na mafuta ya midomo sitayagusa. Shangazi zako wamekueleza hayo yote tangu barua yako ya kazi ifike, na wawili wao hawajawahi kuvuka Kapenguria. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni refu.

Kesho sitakusindikiza. Baba yako ndiye atakayekupeleka stendi. Nilipokuambia juzi mezani kwamba nina kumbukumbu ya mzee mmoja huko Malakisi, uliweka kijiko chini ukasema, "Mum, kwani hata kesho ni matanga? Hao watu si watazikwa tu hata usipoenda?" Baba yako alicheka, kisha akaona uso wangu akarudi kwenye ugali wake.

Ulikuwa na haki ya kukasirika. Siku uliyoapishwa kuwa wakili nilifika watu wakikunja viti. Ulipofanyiwa upasuaji nilikuja na watu wanne wa kampeni, wakakaa kwenye kitanda cha mgonjwa wa pili. Lakini ya kesho siendi kutafuta kura. Kesho saa nne, kwenye boma la marehemu Mzee Simiyu, nitasimama mbele ya watu wa wodi yangu niwaambie kwamba nilipokuwa wakili nilificha ushahidi wa mteja wangu, na kwa ajili hiyo akapoteza shamba. Jumatatu wakili wake wa sasa atapeleka hati yangu ya kiapo kwenye mahakama ya Kitale kuomba kesi ifunguliwe upya. Kura ni mwaka ujao. Kiti naweza kukipoteza, na leseni ya uwakili pia. Baba yako anajua kila kitu tangu Jumapili.

Hayo nimeyakubali. Ninachokiogopa ni wewe. Unakwenda kukaa kwenye kiti cha hakimu, na katika wiki yako ya kwanza mtu atakuuliza kama ni kweli mama yako alifanya hivi na hivi. Sitaki uanze kuuliza maswali kwenye simu ukiwa korido ya mahakama. Soma hapa, na ukimaliza uamue mwenyewe utaniita nani.

Huikumbuki vizuri ofisi yangu ya kwanza pale Kitale. Ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na wateja walipanda ngazi wakinusa dawa ya kuogesha ng'ombe. Ukitoka chekechea ulikuwa unalala kwenye benchi la wateja, na wengine walikufunika kwa makoti yao. Kesi nyingi zilikuwa za mashamba. Nilikuwa na tabia moja ambayo mawakili wenzangu waliicheka sana: sikuandika kesi ya shamba kabla sijalikanyaga. Gambuti zangu zilikaa kwenye buti la gari mwaka mzima. Nilitembea mpaka kwa mpaka na mteja, nikamwuliza nani alipanda mti huu, nani alichimba mtaro ule. Wenzangu walisoma ramani mezani, mimi nikarudi ofisini na matope hadi magotini, na nilishinda kesi nyingi kuliko wao. Naruhusiwa kujisifu kidogo, maana baada ya hapa sifa zinakwisha.

Mama Rispa alipanda zile ngazi ukiwa kidato cha pili. Unamjua, ni yule uliyemwita mama wa mahindi. Kesi yake ilikuwa hivi. Zamani wanaume wa upande wetu wa Malakisi walichanga wakanunua pamoja shamba kubwa la mzungu karibu na Moi's Bridge. Kundi lilikuwa na sheria yake: anayeandikwa kwenye daftari la wanachama ni yule aliyesimama mkutanoni siku ya kuandikishwa. Mume wa Mama Rispa alikuwa kazini Uganda. Alimtuma kaka yake mkubwa na mchango wake, na sehemu zote mbili zikaandikwa kwa jina la kaka. Hakuna aliyeona ubaya. Ndugu walihamia, wakagawana, wakapanda miti ya ua katikati, ekari tano huku na tano kule, wakaishi hivyo hadi wote wawili wakafa. Hati ya shamba ilipotoka, ilitoka kwa jina la kaka peke yake. Wanawe wakasema shamba lote ni la baba yao, na mama huyu mwenye mabinti wawili walioolewa anangoja nini pale?

Aliyebaki hai akijua ukweli alikuwa mmoja, Mzee Simiyu, aliyekuwa mwandishi wa lile kundi. Nilimkuta nyumbani kwake Moi's Bridge ameketi juu ya gunia akipukuchua mahindi kwa mkono. Alinisimulia kila kitu: nani alileta mchango wa nani, na jinsi alivyomwambia yule kaka mkubwa, "Nakuandika wewe lakini nusu si yako." Niliandika kurasa nne. Nilimsomea, akanirekebisha jina la kijiji mahali pawili, kisha akatia sahihi kila ukurasa kwa mwandiko mzuri ulioulalia mstari. Akaniuliza kama na muhuri unahitajika. Alikuwa mtu wa ofisi hadi kwenye ukucha.

Nilimwambia nitazichapisha, halafu niombe mahakama imsikilize mapema kwa sababu ya umri wake. Hilo linaruhusiwa, na wewe unajua kuliko mimi sasa. Akaniambia, "Basi fanya haraka, madam. Mimi si kijana, na hii kifua inanisumbua." Nilimwahidi ndani ya mwezi mmoja.

Katika mwezi huo ndipo nilipoingia siasa.

Watu huniuliza kwa nini niliingia, nami huwapa jibu la mikutanoni, kwamba nilichoka kupigania mtu mmoja mmoja kortini nikataka kupigania wote. Ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilipenda watu waliponyamaza nikiingia mahali. Mahakamani ananyamaziwa jaji. Nilitaka kunyamaziwa mimi.

Tatizo lilikuwa nigombee wapi. Kwa baba yako waliniambia mimi ni mgeni, nirudi nilikozaliwa. Nikarudi. Wazee wa ukoo walikutana kwetu, kwenye banda la kukaushia tumbaku la marehemu babu yako, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza wanaume wakinijadili kama sipo. Mmoja akasema, "Huyu tulishamuoza. Aende kwa bwanake akaombe kura huko." Wengine wakaguna kukubali. Nilikuwa nimebeba hotuba ya kurasa sita na hakuna aliyeniomba nifungue mdomo.

Kisha Makokha akasimama. Makokha ni mtoto wa yule kaka mkubwa, na ndiye aliyekuwa mshtakiwa wa kwanza katika kesi ya Mama Rispa. Kama familia nyingi za kwetu, walikuwa na mguu mmoja Malakisi na mwingine Moi's Bridge. Akasema, "Wazee, hata dada zetu wote wameolewa, kwani walikufa? Huyu ni damu yetu. Amesoma, anajua sheria. Mimi nasimama na yeye." Vijana waliokuwa mlangoni wakapiga makofi, na mambo yakageuka palepale. Bila Makokha leo hakuna anayeniita mheshimiwa.

Alinisindikiza hadi kwenye gari, akinikingia mwavuli. Akasema taratibu, "Madam, ile maneno ya mama mdogo Rispa, si tungojee kura ziishe kwanza? Watu wasituone tukipigana."

Hakunitisha. Hakunipa kitu. Aliomba kwa adabu kama mtu anayeomba chumvi. Sheria ilinitaka nimwambie palepale, "Makokha, siwezi kukushtaki na kuwa mgombea wako," nichague moja. Nilijua hivyo nikiwa nimesimama pale viatu vikiloa. Nikasema, "Sawa, tungoje kidogo."

Mara ya kwanza niliomba kesi iahirishwe kwa sababu nina mafua. Na kweli nilikuwa na mafua. Mara ya pili nilisema shahidi wangu hajiwezi, na Mzee Simiyu wakati huo alikuwa anaenda sokoni kwa miguu. Mara ya tatu jaji mwenyewe alikuwa likizo, nikamshukuru Mungu kwa sauti ndani ya gari. Kila tarehe Mama Rispa alikuja. Alivaa gauni lake la buluu la kanisani, akakaa benchi la nyuma na mkoba magotini, akasikia tarehe mpya ikisomwa, akanisubiri nje. Nilimwambia, "Mama, mambo ya korti ni polepole." Akaitika kwa lafudhi yake ya kugeuza l kuwa r, "Sawa, Wakiri, wewe ndio unajua," akaniachia mahindi mabichi niwaletee nyumbani. Uliyachoma mwenyewe, Nanjala. Mimi pia niliyala.

Sasa nifike kwenye mazishi.

Unajua kampeni za kwetu. Jumamosi ni matanga, na mgombea asiyeonekana matangani hana kura. Siku hiyo nilikuwa na mazishi matatu. Barasa, msaidizi wangu, alikuwa na kazi ya kunipa karatasi ndogo kabla sijaitwa kusema: jina la marehemu, ukoo, watoto, kanisa. Tulifika kwenye mazishi ya tatu saa nane, nikiwa na njaa na tope kwenye sketi. Sikuuliza ni kwa nani. Nilipita nikisalimia watu, nikakaa kwenye viti vya mbele, simu mkononi. Barasa akanipa karatasi, nami nikaikunja bila kuisoma, kwa sababu nilikuwa nimezoea kusoma nikiwa tayari nimesimama.

Nikaitwa. Nikashika maiki, nikasalimia kanisa, nikasalimia ukoo, nikasema jinsi nilivyoguswa na msiba huu, mzee huyu alikuwa nguzo. Kisha nikafungua karatasi nisome jina. Mzee Simiyu, mwandishi wa zamani wa kundi la kununua shamba. Walikuwa wamemleta kutoka Moi's Bridge azikwe alikozaliwa.

Nilinyamaza, watu wakadhani ninajizuia kulia. Mama mmoja akasema, "Pole, madam." Na unajua nilifanya nini? Nilisema, "Mzee huyu alikuwa rafiki yangu wa karibu. Alinifundisha maana ya ukweli." Watu wakapiga makofi. Nikainua macho, nikamwona Mama Rispa kwenye hema la kina mama, katika gauni lile la buluu. Alikuwa ananitazama tu.

Neno linalofuata nimeliandika na kulifuta mara mbili. Nilipokaa chini nilihisi afueni. Sikuhisi huzuni wala hofu. Shahidi amekufa, nikawaza, kwa hiyo kesi itakufa yenyewe na mimi sitalazimika kuchagua. Nikaletewa soda nikainywa yote. Katika mambo yote niliyofanya, hilo ndilo ninaloona aibu zaidi kulisema, maana hakuna aliyeliona na ningeweza kwenda nalo kaburini.

Nilishinda kiti. Ofisi nikamwachia wakili kijana, na mafaili yote nikamkabidhi. Kabla sijamkabidhi, nilizitoa zile kurasa nne kwenye faili la Mama Rispa. Nilijiambia ninazipeleka nyumbani nizichapishe. Nikaziweka kwenye droo ya kabati la chumbani, chini ya vitambaa vya meza. Sikuzichoma wala kuzirudisha. Makokha kwa wakati huo alikuwa msimamizi wa ofisi yangu ya wodi, tunakunywa chai kikombe kwa kikombe kila asubuhi. Yule wakili kijana aliipeleka kesi mbele bila shahidi na bila maandishi yoyote, naye jaji akaamua kulingana na alichoonyeshwa. Hakukosea, angefanya nini? Miti ya ua aliyoipanda mume wa Mama Rispa iling'olewa kwa trekta kabla ya mvua za mwaka ule.

Wewe ulikuwa chuo kikuu. Ulikuja likizo ukauliza, "Mum, kwani siku hizi yule mama wa mahindi haji?" Nikakuambia kesi yake iliisha. Ukasema "poa" ukaendelea na simu yako. Nadhani ndio uongo wa pekee niliokuambia kwa mdomo, na ulikuwa mfupi sana, nikashangaa jinsi ulivyotoka kirahisi.

Nisikudanganye tena kwa kujifanya shetani mtupu. Nimefanya kazi katika bunge la kaunti. Soko letu lina paa, kina mama hawauzi tena kwenye matope. Zahanati inafunguliwa hata Jumapili, na nilipigana na wakubwa wangu mwaka mzima kwa ajili ya hilo. Wazee walewale waliosema nimeozwa sasa hunitengea kiti cha mbele. Nilikuwa nikiyapanga hayo kichwani kila nilipofungua ile droo kutafuta kitambaa cha meza, soko, zahanati, daraja la miguu, kama vile Mama Rispa angelala ndani ya soko.

Nimejiuliza sana ilikuwaje, maana mimi si mtu wa kuhongwa. Mwenye bahasha nilimfukuza ofisini kwangu wewe ukiwa unaangalia, unakumbuka? Ulijivunia mama yako wiki nzima. Huyo wa bahasha ni rahisi, mwanangu. Unaonekana shujaa na unalala vizuri. Aliyenimaliza mimi ni mtu aliyenisimamia siku niliyokuwa peke yangu, akanikingia mwavuli, na akaomba kitu kidogo kilichofanana na busara. Huko Lodwar utafika hujui mtu. Mtu atakutafutia nyumba yenye kisima, mwingine atakupeleka hospitali ukishikwa na malaria. Utawapenda, na itakuwa sawa kuwapenda. Sina dawa ya hilo. Nakuambia tu kwamba mimi sikuanguka siku moja. Nilisema "tungoje kidogo", basi, na maneno hayo hata leo sioni kwamba yana sura ya uhalifu.

Na wakili akisimama mbele yako akiomba kesi iahirishwe kwa sababu ana mafua, mwangalie mtu aliyekaa benchi la nyuma amevaa nguo yake ya kanisani. Huenda wakili ana mafua kweli. Mwangalie tu yule mtu kabla hujaandika tarehe.

Utauliza kwa nini sasa, baada ya miaka yote hii. Wiki ileile barua yako ya kazi ilipokuja, nililetewa kadi na watoto wa Mzee Simiyu. Wamejengea kaburi la baba yao na wanafanya kumbukumbu. Kwenye orodha ya wasemaji waliniandika "rafiki wa karibu wa marehemu". Walikuwa wamenukuu hotuba yangu mwenyewe. Niliziweka mezani pamoja, barua yako na kadi yao. Barua yako inasema utahukumu bila woga wala upendeleo.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Moi's Bridge bila dereva. Mama Rispa amepanga chumba nyuma ya posho mill, mashine ya kusaga unga, na alikuwa akipepeta mahindi ya watu. Amezeeka. Aliniona akaendelea kupepeta. Nilisimama pale unga ukinijaa kichwani, nikamwambia yote: mafua, kurasa nne, droo, hata ile afueni. Nilipomaliza nikasema, "Mama, nisamehe."

Aliweka ungo chini. "Hizo karatasi ziko wapi?"

"Ziko nyumbani."

"Basi rete."

"Nitaleta. Lakini nilitaka kwanza nikuombe..."

"Wakiri, hiyo msamaha weka huko. Mimi sitaki msamaha, nataka karatasi." Akajifuta unga usoni. "Ire siku uripewa maiki, mimi nirikuwa hapo. Urisema mzee arikuwa rafiki yako, watu wakapiga makofi. Mimi nikajua nimekwisha. Sasa watoto wake wameniambia watakuita tena."

"Ndiyo."

"Basi utashika hiyo maiki, useme ire kitu arikwambia. Useme yote. Mbere ya wao wote, ata Makokha akuwe hapo. Korti wataandika yao, rakini mimi naishi na watu."

Nikasema sawa. Karibu nimwambie kwamba pengine ingefaa tupeleke karatasi mahakamani kwanza, na hayo ya hadharani yaje baadaye, baada ya kura, ili mambo yasichanganyike na siasa. Nanjala, maneno hayo yalikuwa tayari yamefika mdomoni, yamepangika vizuri kabisa, ya kiwakili. Nikayameza. Jumatatu nilimpelekea karatasi, na siku hiyohiyo tukaenda kwa wakili wake nikatia sahihi kiapo.

Jana Makokha alikuja. Nilimwita mwenyewe nimwambie kabla hajasikia kwenye hema, hilo nilikuwa nadaiwa na miaka yetu. Alisikiliza hadi mwisho. Chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Madam, mimi nilikuambia tungoje kura ziishe. Kura ziliisha. Ni mimi nilikuambia ufiche karatasi? Hata sikujua iko. Wewe ndio ulitupea hiyo shamba, sasa unataka tuonekane wezi mbele ya watu."

Na ni kweli. Nilimwambia kesho nitasema hivyo pia, kwamba hakuniomba nifiche na hakujua. Alisimama akachukua kofia yake. Alipofika mlangoni akasema hataniunga mkono tena, kisha akauliza saa ngapi kumbukumbu inaanza. Sijui kama atakuja kunisikiliza au kunizomea. Nimemkosea na yeye pia, ingawa kwa njia nyingine, na sijamaliza kulifikiria.

Sikuombi unitetee. Ukiulizwa, sema ni kweli. Kesi hii ikikufikia kwa njia yoyote, hata ya mtu kutaka tu maoni yako, simama uondoke chumbani. Na usije nyumbani kunifariji mwezi huu, kazi yako ndiyo kwanza inaanza. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie vizuri, usinifichie kwa sababu mimi ni mama yako. Nakupenda kupita nilivyowahi kukuonyesha, na ningetoa kiti hiki mara kumi nirudi ile siku ya kuapishwa kwako nifike mapema.

Nimeandika maneno ya kesho. Hayajazi hata nusu ukurasa. Yanaanza hivi: "Mimi ni mjumbe wenu. Mzee Simiyu hakuwa rafiki yangu. Alikuwa shahidi wangu, na mimi nilimnyamazisha." Baba yako ameyasoma akasema ni makali, akanishauri nianze na salamu. Nitaanza na salamu.

Wazee wa ukoo hawataniacha niondoke nikishamaliza. Kila ukoo utataka kusema, na Mama Rispa pia ameomba nafasi. Kwa hiyo ukifika penye mtandao ukanipigia, na simu ikaita hadi ikakatika, usiogope. Ujue bado wanasema, nami nimekaa chini nasikiliza.

Mama yako